Pointi za Mambo Yasiyotokea

Siku mliyokuja kuniaga pale koridoni, chai ilichelewa. Baadhi yenu mlinong'ona kwamba Madam Rispa amezeeka, hata birika limemshinda. Niliwasikia, masikio yangu hayajastaafu. Chai ilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kuchomeka birika la umeme, na katika korido nzima ya kitivo chetu cha menejimenti kuna soketi moja tu inayofanya kazi. Nitarudi kwenye soketi hiyo. Kwanza nataka kuwaambia, ninyi wahadhiri wachanga mlionizawadi saa ya ukutani isiyo na betri, mambo machache kuhusu kazi hii mliyoingia mkiwa bado mnapiga pasi mashati.

Nimefundisha fikra za mifumo hapa Nakuru tangu nikiwa na kiuno. Mama zenu wakiwauliza fikra za mifumo ni nini, msiwasomee kitabu. Waambieni ni kazi ya kuuliza kitu hiki kikigusa kile, kile nacho kitagusa nini, mpaka ujikute umerudi pale ulipoanzia. Nilimweleza mama yangu hivyo, pale Bondeni tulipozaliwa, akiwa anapanga dagaa wake wa omena kwenye meza. Alinitazama kwa huruma. "Hiyo ndiyo umeenda kusomea miaka yote? Si hiyo ni udaku?" Alikuwa amekaribia sana. Tofauti ni kwamba udaku hauna mtihani.

Aliyenifundisha kazi si idara bali mtu mmoja, marehemu Profesa Ndolo. Alikuwa mtu wa falsafa. Idara ya falsafa ilipofungwa kwa kukosa wanafunzi, alihamishiwa kwetu menejimenti pamoja na meza yake, na kila mmoja alidhani ni adhabu. Yeye alifurahi. Alisema kwenye falsafa alikuwa anawauliza maswali watu ambao wamezoea kuulizwa, lakini huku kwetu amekuta watu wabichi kabisa. Silaha yake ilikuwa moja: "Na halafu?" Ungemwambia tumeamua kubadilisha ratiba, angesema, "Na halafu?" Ungeeleza halafu. Angeuliza tena. Swali la tatu au la nne ndipo ungegundua kwamba hukuwa umefikiria chochote, ulikuwa umechoka tu na ratiba ya zamani.

Alinishika mapema. Nilipoanza kazi, foleni ya mkahawa wetu ilikuwa ndefu saa za mchana, nami nilikuwa na shahada mpya na hamu ya kuitumia. Nikashauri wafungue dirisha la pili. Wakafungua. Foleni ikapungua, nikajisikia mtaalamu. Kisha watu wa bodaboda wa pale nje wakasikia kwamba siku hizi ndani hakuna foleni na madondo, yale maharagwe, ni matamu, wakaingia. Mpishi bado alikuwa na sufuria zake zile zile. Chakula kikawa kinaisha mapema. Wahadhiri walipoona chakula kinaisha wakaanza kumaliza vipindi kabla ya wakati ili wawahi. Wanafunzi nao wakawahi. Muhula haujaisha, foleni ilikuwa inaanza wakati wa chai ya saa nne na inapita mpaka kwenye maktaba. Siku moja nimesimama humo na sahani mkononi, nikasikia sauti nyuma yangu, tulivu, ya mtu mwenye njaa: "Rispa. Na halafu?" Siku hiyo tulikula mkate mkavu mimi na yeye, na ndiyo siku niliyojifunza kazi.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza ni ya bei rahisi. Mkichora mishale ya nini kinasababisha nini, choreni kwa penseli, na mchore nyuma ya bahasha. Mchoro usiotosha bahasha ni wa kutishia watu. Nimekaa kwenye semina nikaonyeshwa michoro yenye mishale mingi kuliko maharagwe kwenye githeri, na mwenye mchoro ukimwomba akuonyeshe anaanzia wapi, anazunguka na kijiti mpaka muda unaisha, halafu anapigiwa makofi.

Semina pia zilikuwa uwanja wa Ndolo. Kuna siku mwanafunzi wa uzamili alileta tasnifu nene, akaisifu kwa wingi wa kurasa, majedwali na marejeo. Ndolo akatoa kwenye mkoba mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Akaifunga tasnifu kwa kamba, akaitundika. "Hii ni kilo na kitu," akasema. "Amefaulu?" Tulicheka, mwanafunzi mwenyewe akacheka kidogo. Ndolo hakucheka. Alisema, "Mnacheka kwa sababu mnajua uzito sio kipimo chenyewe. Sasa niambieni hicho mnachopima ninyi ni nini, na kwa nini mmechagua hicho." Tukaahirisha semina, tukaenda kunywa chai. Nilimpenda mzee huyo. Nasema wazi, nilimpenda kuliko baadhi ya wajomba zangu, na alipofariki sikuwa na mtu wa kumwogopa tena kazini, jambo ambalo si zuri kwa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye skrini.

Mliikuta, na nadhani mlidhani ilikuwepo tangu uhuru. Haikuwepo. Ililetwa na mkuu wa kitivo, Profesa Tanui, ambaye si mtu mbaya. Tanui ni mtu ambaye akiwa na nambari analala, asipokuwa nayo anatembea tembea. Waliokuwa juu yake walimuuliza utafiti wa kitivo chake una athari gani, naye hakuwa na jibu, basi akanunua jibu. Lilikuja kwenye boksi: kompyuta na skrini. Kompyuta ilikuwa inatafuta huko mtandaoni ni nani ametaja makala ya nani. Kila mwandishi mwingine akinukuu kazi yako, unapata pointi. Pointi zako zinatokea kwenye skrini pamoja na jina lako, na skrini ikatundikwa ukutani kwenye korido, karibu na vyoo, kwa sababu soketi ilikuwa hapo. Mtu mzima mwenye shahada tatu alikuwa hawezi kwenda kujisaidia bila kusoma kwanza yeye ni wa ngapi.

Halafu Tanui akaongeza sheria. Mhadhiri wa mkataba atakayekuwa chini ya wastani wa idara hatathibitishwa kazini, na anayetaka kupandishwa cheo akiwa chini ya wastani asubiri. Nilisimama kwenye mkutano nikasema kwamba hata tukiwa malaika watupu, lazima wengine wetu wawe chini ya wastani, ndivyo wastani ulivyo. Tanui akasema hoja yangu imezingatiwa. Mkisikia hoja imezingatiwa, jueni imezikwa.

Hapo ndipo akaingia Dkt. Wekesa wa masoko. Mnamfahamu, yule anayecheka kabla ya kumaliza kichekesho. Wekesa alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina baba mtaani kwake, kile cha kuzungushiana mchango, mwezi huu unapewa wewe, mwezi ujao yule. Aliitazama skrini, akaitazama idara, akaona chama. Wiki hiyo hiyo akaanzisha. Badala ya pesa, wanachama walichanga nukuu. Mwezi ukiwa wa fulani, kila mwanachama anayetuma makala popote anamtaja fulani humo. Walikutana kwenye ofisi yake, wakala mandazi, wakasoma zamu, na aliyesahau kumtaja mwenzake alinunua soda za wote.

Alikuja kunialika. "Madam, hii kitu ni rahisi. Wewe unani-cite, mimi naku-cite, sisi wote tunapanda. Nani ameumia?"

"Wekesa, mimi naandika kuhusu mifumo. Wewe unaandika kuhusu nyanya."

"Nyanya si iko na system?"

Nilikataa, zaidi kwa uvivu kuliko kwa maadili. Nilikuwa nakaribia kustaafu na cheo nilikuwa nacho. Lakini nilisoma matunda ya chama hicho, na nawaambia nilifurahi. Kulikuwa na makala kuhusu wachuuzi wa nyanya iliyonukuu utafiti wa foleni za hospitali. Foleni za hospitali nazo zilimnukuu mtu wa uongozi wa kanisa. Wa uongozi wa kanisa, mwezi ulipofika, alimnukuu mwenye nyanya, katika aya iliyosema kwamba kiongozi mwema, sawa na nyanya, hupimwa sokoni. Makala hiyo ilichapishwa. Sijui mhariri alikuwa wapi.

Nani ameumia, aliuliza Wekesa. Nikae kwenye swali hilo, maana ndilo lililonitoa usingizini.

Aliumia Chepkirui. Dkt. Chepkirui alikuwa kwenye mkataba, amekuja kwetu kutoka Olenguruone, mwalimu mzuri kuliko wote niliowahi kukaa nyuma ya darasa lao. Anafundisha mpaka wanafunzi wa madarasa mengine wanasimama dirishani. Chama kilimwalika, akasema ahsante, hapana, hajasoma hizo makala na hawezi kutaja asichosoma. Alikuwa juu ya wastani kidogo. Chama kikaanza kuzunguka, pointi za wanachama zikapanda, wastani ukapanda nazo. Chepkirui hakufanya kosa lolote. Alikaa pale pale alipokuwa, na mstari ukampita ukielekea juu. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya skrini na lundo la karatasi za mtihani kifuani. Jina lake lilikuwa limegeuka jekundu.

"Niko chini, Madam," aliniambia. "Na mkataba unaisha."

Nilimbebea nusu ya karatasi mpaka ofisini kwake.

Hapa nawapa kicheko kidogo, maana mwenyewe nilikihitaji. Kwenye vyama vyetu, mwenyekiti anayetaka aaminiwe huchukua zamu ya mwisho. Ndiyo heshima ya cheo, watu wasiseme ameanzisha chama apate kula kwanza. Wekesa ni mtu wa heshima. Alijiweka mwisho. Basi wenzake wote wakapanda, wastani ukapanda, na yeye mwenye chama, akiwa bado anangoja zamu yake, akazama. Jina lake likawa jekundu chini ya la Chepkirui, na alikuwa ameomba kupandishwa cheo mwaka huo huo. Hakuweza kulalamika popote. Angelalamika nini? Alikuwa anapita koridoni akiangalia viatu vyake, na ukimsalimia "Sasa, Daktari," anaitikia kwa mbali.

Kabla ya usaili wa Chepkirui wa kuthibitishwa kazini nilimwomba anipeleke Olenguruone nione utafiti wake. Mkienda huko msimu wa mvua, bebeni gambuti na acheni kiburi cha gari dogo. Tuliliacha gari kwenye duka la mtu, tukamalizia kwa miguu, na mama yake alitupokea kwa mursik, maziwa ya kugandisha ya kibuyu, na chai, akanitazama miguu iliyojaa tope, akasema, "Pole mwalimu. Na bado hapo ni kuzuri."

Utafiti ulikuwa hivi. Chama cha ushirika cha maziwa kilitaka kujenga tangi moja kubwa la kupozea, pale sokoni, na kufunga vile vituo vidogo vya kukusanyia maziwa huko kwenye miinuko. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Chepkirui alifuata maziwa kutoka kwa ng'ombe mpaka sokoni mvua ikinyesha. Akaona kwamba bila vituo, maziwa ya asubuhi yangefika mchana, mengine yameshaharibika na yamekataliwa. Mkulima aliyekataliwa leo, kesho angeuza kwa broka wa pikipiki anayekuja mpaka kwenye geti lake. Tangi lingebaki nusu. Gharama ya kuliendesha ingekatwa kwa wale waliobaki, malipo yao yangepungua, nao wangemwendea broka. Mviringo umefunga. Aliwaeleza wanachama hayo kwenye mkutano wao, kwa lugha yao, akichora kwa chaki kwenye mlango wa bati wa stoo. Waliulizana maswali mpaka jioni. Kisha wakapiga kura, wakaacha mpango.

"Sasa nionyeshe matokeo," nilimwambia.

Alinipeleka kwenye kituo kimoja. Kibanda, mizani, mitungi, mwanamke anapima maziwa, punda wawili. "Ni haya," akasema.

"Hiki kituo kilikuwepo zamani?"

"Kilikuwepo hivi hivi. Tangu nikiwa mtoto."

Tulisimama pale tukitazama kitu ambacho hakijabadilika. Nilimkumbuka Ndolo, na nilitamani awepo, angecheka mpaka punda washtuke.

Basi usaili ukafika. Kwenye fomu kulikuwa na swali: utafiti wako umeleta mabadiliko gani? Chepkirui aliandika neno moja: Hakuna. Nilipoliona nilishika kichwa. Nilimpenda kwa neno hilo na nilitaka kumchapa.

Mtakuja kukaa kwenye kamati hizi, kwa hiyo jifunzeni desturi yake. Usaili unafanyika kitivoni, lakini uamuzi unafanyika Kikopey. Kila mara akija mtathmini kutoka nje, kitivo humpeleka kula nyama pale barabarani, na hapo ndipo watu wanasema wanachofikiria. Kule chumbani wanasema kilichoandikwa. Mwaka huo mtathmini alikuwa Profesa Mwende kutoka Nairobi, mama mnene mwenye sauti ndogo na njaa ya kweli. Tulikuwa watatu: yeye, mimi na Tanui. Tuliposhuka, vijana wa makoti meupe walitujia kutoka buchari zote. "Boss, karibu, mbuzi ya leo!" "Mathe, huku ndio kuna ribs!" Tanui aliwapita wote bila kugeuza shingo, akatupeleka mpaka buchari ya mwisho, yenye viti vibovu.

Nyama ilipofika alianza. "Mimi sina shida na Chepkirui kama mtu. Lakini pointi ziko chini, na hapa ameulizwa amebadilisha nini, anasema hakuna. Neno moja, jamani. Hata hakujaribu kudanganya. Mimi nitaitetea vipi hiyo kwa watu wa juu?"

"Mimi nimelipenda hilo neno," alisema Mwende, akishika mfupa. "Lakini Dean ana point. Hakuna ni hakuna."

Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa kuhusu falsafa ya upimaji. Nikaangalia ugali uliokuwa mezani, nikaiacha hotuba. "Tanui," nikasema, "mbona tumepita buchari zote zile?"

"Si unajua mimi hukula hapa tu."

"Kwa nini?"

"Hapa sijawahi kuumwa na tumbo. Hiyo miaka yote."

"Na mwenye buchari amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu. Ndio maana narudi." Akaendelea kutafuna, kisha akatafuna polepole, kisha akaacha. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyejifungia mlango mwenyewe. "Wewe Rispa," akasema, "Ndolo alikuharibu."

Mwende aliweka mfupa chini na kuomba aelezwe habari ya tangi tangu mwanzo. Nilieleza. Alipomaliza kusikiliza alisema kwamba yeye ametathmini watu wengi walioleta mabadiliko, na mengi kati ya hayo angeomba yarudishwe yalikotoka. Tanui alinawa mikono, akauliza swali lililokuwa likimsumbua kwa dhati: "Sasa hiyo nitaijaza wapi kwa kompyuta?"

Chepkirui akapewa mwaka mmoja zaidi wa majaribio. Wekesa aliambiwa asubiri. Njiani kurudi niliimba, jambo ambalo Mwende ananidai msamaha wake mpaka leo.

Na halafu?

Halafu Tanui, ambaye hawezi kulala bila nambari, akaongeza safu mpya kwenye skrini. Iliitwa Mambo Yaliyozuiwa. Ukizuia jambo baya kwa utafiti wako, unaandika, unaweka shahidi, unapewa pointi. Alinionyesha kwa fahari, kama mtu aliyeninunulia zawadi. Nami nilijua, kabla hata sijafika ofisini kwangu, kitakachofuata.

Chama kikafufuka muhula huo huo. Wekesa aliandika kwamba makala zake zimezuia uhaba wa nyanya Nakuru. Mwanachama mwingine, mtu wa fedha, aliizuia kampuni isifilisike, kampuni ambayo hajawahi kukanyaga. Yule wa uongozi alizuia mgomo katika shule iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Shahidi wa Wekesa alikuwa mtu wa fedha, shahidi wa mtu wa fedha alikuwa wa uongozi, na mnaweza kubahatisha shahidi wa yule wa uongozi alikuwa nani. Safari hii Wekesa hakujiweka mwisho. Ukisoma skrini ile ungedhani bonde hili zima limesimama kwa kuwa sisi tunalishikilia. Chepkirui aliandika jambo moja, lile la tangi, kwa sababu alikuwa amezuia jambo moja. Wastani ukapanda. Jina lake likarudi kuwa jekundu.

Alikuja ofisini kwangu wakati napakia vitabu kwenye katoni. Alikaa juu ya katoni moja. "Madam, wacha tu," akasema. "Umepigana vya kutosha. Mkataba ukiisha nitaenda nyumbani nisaidie mathe na ng'ombe. Sitakufa." Akanipa kitabu kilichokuwa sakafuni. "Ni darasa tu. Darasa nitalimiss."

Niliumia, vijana. Nimefundisha namna mambo yanavyozunguka maisha yangu yote, na huo mduara ulimzunguka mtu mbele ya macho yangu mara mbili, mara ya pili ukiwa na mkono wangu ndani yake. Sikuwa na kikao kingine kilichobaki. Nilikuwa na siku moja, na siku hiyo ilikuwa ya chai.

Sasa mnajua nilipochomeka birika. Ile soketi moja ya korido iko nyuma ya kabati, na ilikuwa na waya wa kompyuta ya pointi na skrini yake. Nilichomoa waya, nikachomeka birika, chai ikachemka, mkanywa, mkatoa hotuba, mmoja wenu akasema nimeacha alama isiyofutika. Mlipoondoka nilisuuza vikombe. Kisha nikainama nyuma ya kabati kuchukua birika langu, nikautazama ule waya sakafuni. Nikajiuliza na halafu. Nikalitia birika kwenye kikapu, waya nikauacha pale pale, nikaenda nyumbani.

Nilingoja simu siku hiyo, wiki hiyo, mwezi huo. Haikuja. Baadaye nilielewa, na hili liwe somo langu la mwisho. Waliokuwa chini ya wastani walifurahi skrini kuwa nyeusi, wakanyamaza. Waliokuwa juu waliona wakiuliza wataonekana wanajisifu, wakanyamaza. Ninyi wachanga mlidhani ni stima ya hapo imekatika. Tanui alidhani ni watu wa kompyuta wanarekebisha, na watu wa kompyuta walidhani Tanui ameizima. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri ya kutouliza.

Simu ilikuja usaili ulipokaribia. Tanui alikuwa amesogeza kabati.

"Madam, hapa chini kuna majani ya chai na sukari. Kumbe ni wewe ulichomoa hii kitu?"

"Nilikuwa nachemsha chai."

Alipumua. "Haijahesabu chochote tangu uende. Usaili wa Chepkirui ni kesho kutwa na sina pointi hata moja ya mtu kwa miezi yote hii. Mwende amefika, nikamwambia, akasema basi tusome. Tumegawana makala za watu, tunasoma wenyewe. Unajua mara ya mwisho mimi kusoma makala nzima ilikuwa lini?"

"Usiniambie, nisije nikaudhika. Umepewa ya nani?"

"Ya Olenguruone. Ya tangi."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Na halafu?"

Nilisikia karatasi zikifunuliwa.

"Halafu nimeisoma tena," akasema.

Chepkirui alithibitishwa kazini. Skrini bado iko ukutani pale karibu na vyoo, nyeusi, na Tanui hupita hapo akielekea darasani kwake, maana ameanza tena kufundisha. Mkitaka chai, soketi iko nyuma ya kabati. Ule waya mwingine msiuguse.